Kiatu cha kahawia kinapougua: dalili, chanzo na tiba

Kiatu cheusi kina siri. Kikichubuka, kikipauka, kikilowa, kopo moja la kiwi nyeusi linafunika yote na mwenye kiatu anaingia ofisini kama kawaida. Cha kahawia hakina siri. Tone la mvua, tone la mchuzi, brashi ya mpiga kiwi iliyotoka kusugua kiatu cheusi kabla ya chako, vyote vinabaki vimeandikwa juu ya ngozi. Ndiyo maana watu wengi hununua pea nzuri ya kahawia, wakaivaa miezi michache, kisha wakaamua kuipaka nyeusi ili mambo yaishe. Inaniuma kila nikiona hivyo, maana mara nyingi kiatu chenyewe kilikuwa bado kizima. Kilipewa tu dawa isiyokuwa yake.

Basi tuanze na unachokiona kwa macho, tutafute kilichokileta, ndipo tuguse kopo.

Kwanza ijue ngozi yako

Chukua tone moja la maji, lidondoshe mahali pasipoonekana, kwa mfano kwenye ulimi chini ya kamba. Subiri dakika moja. Tone likinywewa na pale pakawa peusi kidogo mpaka pakauke, una ngozi isiyofunikwa kwa rangi nzito. Hiyo ndiyo ngozi tamu: inapokea krimu, inazeeka vizuri, lakini inashika madoa upesi. Tone likikaa juu kama maji juu ya jani la mgomba, ama kiatu kimeshiba nta, ama ngozi imefunikwa kwa tabaka la rangi kiwandani, ama si ngozi kabisa.

Kutofautisha, tazama ukingo uliokatwa, hasa sehemu ya ndani ya ulimi au kwenye matundu ya kamba. Ngozi halisi ina nyuzinyuzi zilizosokotana kama kitu kilichoota. Ngozi bandia mgongoni ina kitambaa kilichofumwa, na juu yake utando wa plastiki. Ukinunua mtumba, iwe Karume au Gikomba, fanya ukaguzi huu kabla hujataja bei. Muuzaji anakwambia "ngozi tupu hii, kaka", na huenda anaamini hivyo, lakini ukingo haudanganyi.

Viatu vya swedi, vile vyenye manyoya laini, haviguswi na lolote nitakalosema kuhusu kiwi. Nta inavilaza manyoya yakabaki yamelala.

Kimepauka, na ukipiga kiwi haking'ari

Hii ndiyo dalili inayoletwa sana, na kinachoshangaza ni kwamba ina vyanzo viwili vinavyopingana: kiatu kina njaa, au kimevimbiwa.

Kiwi ya kopo, kwa sehemu kubwa, ni nta iliyoyeyushwa kwenye tapentaini au kimiminika cha jamii hiyo. Nta nyingine ni ya nyuki, nyingine ni karnauba, inayokwanguliwa kutoka majani ya mti wa jamii ya minazi unaoota Brazil. Unapopaka, kile kimiminika kinaruka, nta inabaki juu. Inalinda na kung'arisha, lakini hailishi. (Jina lenyewe tulilolifanya la kila kopo lilikuwa la kampuni moja: William Ramsay alianza kuuza dawa hiyo Melbourne, Australia, mwaka 1906, akaiita kwa jina la ndege wa New Zealand, alikozaliwa mkewe.) Krimu ya viatu ni kitu kingine. Ina maji, mafuta na nta kidogo, na ina rangi nyingi kuliko kiwi. Hiyo inaingia ndani.

Kiatu chenye njaa utakijua kwa kidole: ngozi ni kavu, imekakamaa, na kiwi ukiipaka inanywewa hapohapo na kuacha mabaka. Tiba yake ni kufuta vumbi, kupaka krimu kiasi cha punje ya harage kwa kiatu kimoja, kuacha robo saa, kisha kupiga brashi. Rudia kesho yake kama bado inakunywa. Kiwi ije mwisho, kidogo sana, kwa kitambaa cha pamba. Fulana kuukuu inatosha.

Kiatu kilichovimbiwa kinanata. Ukipitisha ukucha kwenye mkunjo unatoka na uchafu wa rangi, na brashi inateleza bila kuleta mng'ao. Nta imelundikana juu ya nta. Hapa kuongeza kiwi ni kuongeza tatizo. Lowesha kitambaa kwa tapentaini kidogo, au dawa maalumu ya kuondolea kiwi, ufute taratibu ukibadilisha upande wa kitambaa mpaka kisitoke na nta. Usitumie thina ya rangi za magari. Inaondoa nta pamoja na rangi ya kiatu. Ukimaliza, ngozi itaonekana mbaya kuliko ulivyoanza. Usiogope. Sasa iko tayari kulishwa.

Kiwi ya maji, ile yenye sponji kichwani, ina habari yake. Inang'arisha kwa dakika moja kwa sababu inaacha utando mwembamba juu ya ngozi. Ukiirudia kila asubuhi, utando unakuwa mnene, na unapokunja vidole unapasuka mistari. Mimi siitumii kwenye kiatu ninachokipenda.

Kinazidi kuwa cheusi

Angalia weusi uko wapi, kwa sababu mahali ndipo penye jibu.

Ukiwa kwenye mishono, kwenye matundu ya kamba na pale ngozi inapokutana na soli, ni brashi. Mpiga kiwi mwenye brashi mbili anahudumia watu hamsini, na brashi ya kahawia ikipotea au ikichelewa kukauka, ile nyeusi inafanya kazi zote mbili. Simlaumu, dawa yake ni sisi kuuliza kwa heshima: "Fundi, brashi ya brauni unayo?" Akisita, toa yako mfukoni. Brashi ndogo ya manyoya ya farasi si mzigo. Weusi ulioingia kwenye uzi wa mshono hautoki wote, lakini mswaki mkuukuu wenye tone la tapentaini unaupunguza sana ukifanya mapema.

Ukiwa umeenea kiatu kizima, sawasawa, ni mafuta. Mafuta ya nazi, mafuta ya kupikia, mafuta ya mgando, losheni ya mwilini. Najua kwa nini tunayatumia: yako nyumbani, na kiatu kinang'aa palepale. Lakini mafuta yanafanya ngozi ya kahawia iwe nyeusi kwa hatua moja au mbili, na hakuna namna rahisi ya kuyatoa. Yakizidi, ngozi inalegea, vumbi linaganda, na mafuta ya kupikia yanachacha na kutoa harufu. Kama umeshapaka mara moja tu, jaza karatasi ndani, sugua nje kwa kitambaa kikavu mara kadhaa kwa siku mbili tatu, kisha pokea rangi mpya uliyopata na uchague krimu inayolingana nayo.

Ukiwa doa moja la mviringo, ni chakula. Tone la mchuzi au la nyama choma. Hapa saa moja ya kwanza ina thamani kubwa: usisugue, kausha kwa kugusagusa, kisha funika doa kwa wanga wa mahindi, poda ya mtoto, au chaki iliyosagwa. Walimu wana bahati, dawa iko mezani kwao. Acha usiku kucha, kung'uta, rudia.

Na kuna weusi wa nne ambao watu wachache wanaujua: vitone vya bluu iliyokoza kuelekea nyeusi, mara nyingi karibu na msumari, bizimu ya mkanda wa kiatu, au mahali kiatu kilicholowa kiliegemea chuma. Ngozi iliyosindikwa kwa magome ya miti, kama magome ya miwati inayolimwa Njombe, ina tanini, kemikali itokayo kwenye magome hayo. Tanini ikikutana na chuma na maji inazaa rangi nyeusi. Kwa kemia hiyohiyo watu wa zamani walitengeneza wino. Kiwi haiondoi hiyo. Kamua ndimu, changanya na maji kiasi sawa, gusa doa kwa pamba, subiri dakika chache, futa kwa maji safi, kausha kivulini, kisha krimu. Jaribu kwanza chini ya ulimi. Na usisugue kiatu cha kahawia kwa stiliwaya ya sufuria, maana vipande vyake vinabaki ndani ya ngozi vikingoja mvua.

Kuna kitu cheupe juu yake

Hapa ndipo makosa mengi yanapofanyika, kwa sababu weupe ni wa aina nne na kila mmoja una dawa yake. Ukitibu ukungu kama chumvi unausambaza. Ukitibu chumvi kama ukungu unapoteza muda.

Jipe majaribio matatu. Futa kwa kitambaa chenye maji: weupe ukipotea kisha ukarudi ngozi ikikauka, ni chumvi. Weka kidole gumba juu yake kwa nusu dakika, au pitishia joto dogo la draya ya nywele kwa mbali: ukiyeyuka ukapotea, ni mafuta. Nusa na utazame kwa karibu: ukiwa na manyoya, madoadoa ya duara, na harufu ya kabati lililofungwa, ni ukungu. Usipokuwa mmojawapo, na uko ndani ya mikunjo na vitundu vya urembo tu, ni nta iliyokauka; kucha na mswaki vinaitoa.

Chumvi inatoka sehemu mbili. Moja ni jasho lako, linalopenya kutoka ndani na kuacha mstari kwenye mikunjo. Nyingine ni bahari. Ukivuka Kigamboni kwa pantoni na maji ya bahari yakakurukia, mstari mweupe utauona jioni. Siki kiasi kimoja kwa maji viwili, kitambaa kibichi kidogo, futa kiatu kizima na si mstari pekee, kausha, rudia kesho. Chumvi iliyo ndani hupanda taratibu, hivyo mara moja haitoshi. Ukiiacha inakausha ngozi mpaka ipasuke.

Mafuta yanayoganda juu hayana madhara makubwa. Ni mafuta yaliyomo ndani ya ngozi yaliyopanda juu, au uliyoyapaka mwenyewe. Rafiki yangu mmoja alipaka viatu vyake mafuta ya nazi Dar, akasafiri kwenda Njombe mwezi wa sita. Asubuhi akavikuta na utando mweupe, akadhani vimeota ukungu usiku mmoja. Mafuta ya nazi huganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi, na asubuhi ya Njombe mwezi wa sita iko chini sana ya hapo. Tulivipasha kidogo, tukavifuta, basi.

Ukungu ndio adui wa kweli kwa sisi wa pwani. Unaota hewa inapokuwa na unyevu wa zaidi ya asilimia 65 hadi 70 kwa siku kadhaa mfululizo, na pwani yetu hukaa juu ya hapo sehemu kubwa ya mwaka, masika ndiyo usiseme. Toa kiatu nje ya nyumba kabla ya kukigusa, kwa sababu ukipiga brashi chumbani unapanda mbegu kwenye viatu vingine. Piga brashi kavu, nayo uioshe baadaye. Futa ndani na nje kwa siki na maji kiasi sawa. Spiriti ya duka la dawa iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu inaua vizuri zaidi, lakini inaweza kubeba rangi ya kahawia, kwa hiyo jaribu kwanza mahali pa kujificha. Acha kivulini penye upepo siku mbili. Halafu krimu.

Kisha tibu kabati. Futa rafu kwa siki, acha mlango wazi mchana, usirudishe kiatu ulichokivua dakika hii kikiwa na jasho. Usikifungie kwenye mfuko wa plastiki. Foronya ya zamani ya pamba inafaa zaidi, kwa sababu inapumua. Vile vifuko vidogo vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya usivitupe.

Matone ya mvua yameacha alama

Tone linapokauka linasukuma rangi na chumvi za ngozi kwenye ukingo wake, ndipo unaona duara. Kulisugua duara peke yake hakusaidii. Dawa inaonekana kama wazimu mara ya kwanza: lowesha uso wote wa kiatu kwa sponji yenye maji safi, kidogo na sawasawa, kiatu kizima kiwe na kiza kimoja, kisha kiache kikauke polepole. Duara linakosa ukingo wa kusimama. Fanya hivyo kwa miguu yote miwili hata kama mmoja tu ndio ulionyeshewa, la sivyo utakuwa na pea yenye rangi mbili.

Kimekauka kikawa kigumu kama ubao

Kiliwekwa nyuma ya friji, karibu na jiko la mkaa, au juu ya bati saa saba mchana. Nyuzi za ngozi zikiwa zimelowa husinyaa kwa joto dogo kuliko zikiwa kavu, na gundi ya soli nayo inalegea. Ncha ya kiatu inapinda juu, mdomo unaachia.

Kama bado kinakunjika bila kupasuka, kuna tumaini. Funika kwa kitambaa kibichi saa moja, jaza ndani karatasi au kalibu ya mbao kirudi umbo lake, kisha paka krimu nyembamba leo, kesho na keshokutwa. Usipake nene mara moja. Kikipasuka unapokikunja, nyuzi zimekwisha, na sitakudanganya kwamba kuna kopo la kuzirudisha.

Namna ya kukausha ni hii: toa kamba na soli ya ndani, jaza magazeti, yabadilishe baada ya saa moja au mbili, laza kiatu ubavu ili soli ipate hewa, kivulini. Siku moja hadi mbili. Bitana ikiwa nyeupe, tanguliza karatasi isiyo na maandishi, wino wa gazeti unahama.

Nyufa kwenye mkunjo wa vidole

Tazama kwa mwanga wa jua. Ufa ukiwa umepasua utando wa juu tu, na chini yake unaona ngozi ya rangi nyepesi iliyo nzima, futa, lisha, paka krimu ya rangi. Utabaki kama kovu lakini hautaongezeka. Ukiwa umeingia kwenye nyuzi, fundi anaweza kuujaza kwa kijazio cha ngozi na kupaka rangi juu. Kwa siku ya harusi utafaa. Kwa kutembea kila siku utafunguka tena palepale.

Chanzo, mara nyingi, ni vumbi. Chembe zinaingia kwenye mkunjo, na kila hatua unayopiga zinakata kama msasa. Watu wa Dodoma wanaelewa ninachosema. Brashi ya dakika moja kila jioni, bila kiwi yoyote, inafanya kazi kubwa kuliko kopo zima mwisho wa mwezi. Na nta nene usiipake pale kiatu kinapokunjika. Mng'ao wa kioo weka kwenye ncha na kisigino, ambako ngozi haikunjiki.

Kinababuka kama kiazi kilichochemshwa

Si ngozi, au ni mabaki ya ngozi yaliyosagwa na kubandikwa utando. Hakuna krimu itakayoubandika tena. Tumia fedha yako kwenye pea nyingine.

Mguu mmoja umefifia kuliko mwenzake

Ni kawaida kwa kiatu kilichokaa dirishani au mezani kwa muuzaji: mguu mmoja kwenye jua, mwingine ndani ya gunia. Safisha yote miwili mpaka nta iishe. Chukua krimu ya rangi ya kati, nyepesi kuliko ule mguu mweusi zaidi, upake ule uliofifia tabaka jembamba, uache ukauke, uilinganishe pea nje mchana, si chini ya taa. Ongeza tabaka mpaka ikaribiane. Kuongeza ni rahisi, kupunguza ni kazi ya siku nzima, na hiyo ndiyo sababu ninaponunua krimu au kiwi ya kahawia nachukua nyepesi kuliko kiatu kila nikiwa na shaka.

Michubuko midogo ya ncha inatibika kwa krimu hiyohiyo, na mgongo wa kijiko ukiulaza polepole juu ya ngozi iliyonyanyuka kabla ya kupaka.

Kopo lenyewe limekauka na kupasuka

Usilitupe. Kimiminika kimeruka, nta bado ni nzima. Weka kopo lililofunguliwa ndani ya bakuli la maji ya moto mpaka nta ilainike, ongeza matone machache ya tapentaini, koroga kwa njiti, acha ipoe ikiwa imefunikwa. Maji ya moto ya bakuli tu, mbali na jiko: mvuke wa kiwi unashika moto, na kopo likiwekwa juu ya mkaa linaweza kuwaka. Likishaganda, lifunge mpaka usikie mlio, ulihifadhi kifuniko kikiwa chini.